Mpwa wa Mtemi

Treni ya Tabora ilipofika Mpanda mchana ule wa mwaka 1954, stesheni ilijaa watu. Telesphor, karani wa mizigo, akamwona msichana mwenye gauni la buluu na kilemba cheupe akihangaika na sanduku.

"Sanduku limekuzidi uzito, dada."

"Basi lipime, mimi uniache," akajibu, akicheka.

Alijitambulisha kwa jina moja tu, Eufrazia, mkunga. Hakusema kwamba ni mpwa wa mtemi. Katika nchi yao kigoda cha utemi hakirithiwi na mtoto wa mtemi bali na uzao wa dada yake, na dada huyo alikuwa na binti mmoja tu. Mtoto wa kiume ambaye Eufrazia angemzaa ndiye angetawala. Wanaume wengi walikuwa wamemfuata kwa sababu hiyo, akachoka.

Telesphor alijua. Aliwahi kumwona barazani kwa mtemi. Akanyamaza, akamwandikia baba yake barua ya furaha kwamba amekutana na mpwa wa mtemi.

Miezi ikapita. Kila Jumapili walitembea pamoja baada ya misa, wakitaniana, na Telesphor akajikuta anampenda kweli. Kila alipotaka kukiri kwamba alimjua tangu mwanzo, aliahirisha hadi Jumapili iliyofuata.

Kisha mzee Bartolomeo, baba yake, akaja mjini. Alipomwona Eufrazia akitembea na mwanawe alipiga magoti hapo hapo njiani, akamsalimu kama mama wa mtemi ajaye.

Eufrazia akamgeukia Telesphor. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu stesheni."

Akageuka, akaondoka.

Aibu ilimkosesha Telesphor usingizi na chakula. Baada ya miezi mitatu akaenda barazani kwa mtemi, akaomba karani wa baraza aandike kwamba akimwoa Eufrazia, watoto wake hawatadai kigoda. Wazee wakacheka. Mtemi akamweleza taratibu kwamba utemi haupiti kwa baba wa mtoto, hivyo yeye Telesphor hana cha kuacha. Telesphor akatoka ameinamisha kichwa.

Eufrazia, aliyekuwa amekaa humo barazani na mama yake, akamfuata hadi barabarani.

"Umeniaibisha mara mbili. Kwanza ulikitaka kilicho cha ukoo wetu. Leo umetaka kukitoa kana kwamba ni chako."

"Sijui nifanye nini tena."

"Niombe radhi mimi. Umeongea na wazee, mimi hujaniambia kitu."

"Nilikufuata kwa ajili ya utemi. Nikakupenda baadaye, nikaogopa kukwambia nilivyoanza. Nisamehe, Eufrazia."

Wanawake waliobeba kuni wakapita, wakawaamkia, wakaendelea.

"Jumamosi uje kwa mama," Eufrazia akasema hatimaye. "Peke yako. Baba yako asubiri kwanza, mpaka nitakapoweza kumtazama."

"Na mama akiniuliza nimefuata nini?"

"Utamjibu mwenyewe. Nitakuwa nasikiliza."

Telesphor akaitikia kwa kichwa, macho chini. Eufrazia akamshika kidevu, akakiinua polepole mpaka wakatazamana.