Tanga la Joyness

Mlingoti ulisimama uchi kama mgomba uliokatwa majani yote. Joyness alikuwa ameukumbatia, analia.

"Shikamoo afande. Tanga langu limeibwa, na la zamani limechanika!"

"Marahaba. Mashindano saa ngapi?" aliuliza Inspekta Kokuhirwa.

"Saa tisa. Saa nane wanapima vyombo. Nikishinda naenda kambi ya mafunzo Mwanza. Nikikosa, narudi kupalilia migomba."

Inspekta alikizunguka chombo. Katamarani: vidau viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa mbao, kwa wembamba wake hata bata angevionea huruma. Akakagua banda la kuhifadhia tanga. Kufuli zima. Kamba za tanga zilifunguliwa fundo kwa fundo, zikakunjwa vizuri pembeni.

Mwizi gani huyu mwenye adabu?

"Ni mpinzani wangu, Dastan," Joyness alisema. "Kila siku anaucheka mlingoti wangu wa mti."

Dastan alikuwa ufukweni mwa ziwa Rwakajunju, anaupangusa mlingoti wake wa alumini kama anamwogesha mtoto.

"Una ufunguo wa banda la Joyness?"

"Sina. Na sina shida na tanga lake, afande. Mlingoti kila mtu anachagua, mti au alumini, kanuni zinaruhusu. Tanga ndilo halina kuchagua: mwisho mita nane za mraba. Mwaka huu mwamuzi Winston anapima moja moja. Likizidi, unafungiwa mwaka mzima."

"Mlitangaziwa lini?"

"Jana jioni. Hata fundi wake alikuwepo, mzee Nolasco, baba yake mdogo. Kusikia hivyo akaondoka bila kuaga."

"Ufunguo anao?"

"Si ndiye alikuwa anashonea humo?"

Kijijini Nyabiyonza, mzee Nolasco alikuwa uani anageuza kahawa kwa reki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kokuhirwa alitazama juu. Wingu zito. Akaokota kahawa moja ya maganda, akaitikisa sikioni. Ikalia koko-koko. Alikulia kwenye kahawa Muleba. Mlio huo hakufundishwa chuoni.

"Mzee, imeshakauka hii."

"Bado kidogo."

"Inalia mpaka majirani wanasikia. Wenzako wote wanaanua, mvua hiyo inakuja. Wewe ndiyo kwanza unaanika?"

Reki ikasimama.

Inspekta akasogeza kahawa kwa buti. Chini yake kitambaa cheupe, pembeni vitundu vya chuma vya kupitishia kamba.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Niliongeza kipande, mwanangu apate upepo. Sikumwambia. Nikajua hawapimi. Jana Winston akatoa futi yake mbele ya watu, nikaona nimemfungia mtoto mwaka mzima kwa mikono yangu. Nikalichukua, nikijua lile la zamani lipo, atashindana nalo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Amewatambia watu wote, 'Fundi wangu baba mdogo.' Ningeanzia wapi?"

"Anzia kwenye gari. Njoo na mkasi."

Ufukweni, Joyness alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Afande, mwizi huyu niachie mimi. Nina kazi naye."

Mzee alikata, akashona. Sindano ilipovunjika, Dastan akaleta yake.

"Nataka kumshinda mwenye tanga," alinuna.

Winston akavuta futi. Akarudia. "Saba nukta tisa. Pita!"

"Baba mdogo," Joyness alisema, akilivuta tanga juu, "sasa ndiyo umeniibia kweli, kipande kizima cha tanga."

Upepo wa mvua ukalijaza.