Kanzu ya Ijumaa

Mwanaasha alikuwa akisuuza kanzu ya baba yake kwa mara ya pili, lakini doa la chai lilikuwa bado linaonekana. Mwanawe Nusaiba, wa miaka mitatu, alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Hakutaka hata kuiona hiyo kanzu.

Adelina alichungulia juu ya ua. Yeye ni jirani, na ni mwalimu wa chekechea.

"Mama Nusaiba! Mbona unaisugua hivyo, imekutukana?"

Mwanaasha akacheka. Kisha machozi yakamlengalenga.

"Ni ya baba. Kila Ijumaa akitoka msikitini huja kumwona mjukuu wake. Siku hizi mtoto akimwona tu, anapiga kelele. Juzi kaipiga teke chai ikammwagikia mzee. Baba kavua kanzu, kaondoka na shati la mume wangu. Kasema harudi tena, hawezi kumtesa mtoto."

"Maskini mzee!"

"Na bombani wanasema mtoto haogopi bure, baba yangu ni mchawi. Baba yangu mie!"

Adelina akaegemea ua.

"Mzee akipiga simu, mtoto anamkimbia?"

"Simu? Wanacheka mpaka vocha inakwisha."

"Basi hamwogopi babu yake. Na Nusaiba alipolazwa hospitali kwa malaria, nani alimchoma sindano?"

"Nesi, asubuhi na jioni." Mwanaasha akaacha kusuuza. "Alivaa gauni jeupe."

Adelina akaokota kopo tupu, akaligonga kwa kijiko. Kuku wake wakaja mbio, wakamzunguka miguuni.

"Umewaitia nini, mwalimu? Kopo halina kitu!"

"Wao hawajui. Kila nikiwapa pumba naligonga. Sasa wakisikia kopo tu, wanajua chakula kimefika. Nusaiba naye akiona nguo nyeupe, anangoja sindano. Akili imevifunga vitu viwili pamoja. Hakuna uchawi hapo."

Akaingia ndani, akarudi na pumba, akawamwagia kuku. "Nikiwadanganya kila siku, wataacha kuja," alisema.

Mwanaasha aliinamisha kichwa. "Mie ndiye nimekaza fundo. Akikataa uji, namwonyesha yeyote mwenye nguo nyeupe. Namwambia, kunywa, daktari yule anakuja kukuchoma!"

"Wengi tunasema hivyo. Acha kuanzia leo. Sindano ilimponya, usiifanye adui. Haya, mtoto anapenda nini?"

"Visheti."

"Basi anika kanzu mbali. Mpe visheti mahali anapoweza kuiona bila kulia. Akitulia, kesho sogeza mkeka kidogo. Akilia, rudi nyuma. Usimlazimishe."

Mwanaasha alifanya hivyo. Siku nyingine alisogeza mkeka haraka mno, Nusaiba akakimbilia ndani akilia. Kesho yake wakaanza tena mbali. Polepole mtoto akazoea kula huku pindo la kanzu likipepea karibu naye.

Ndipo Mwanaasha akampigia baba yake. "Baba, njoo Jumatano. Ila vaa shati."

Mzee Khalfani alifika. Adelina alimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nikae wapi nisimtishe?"

"Hapo hapo mkekani."

Nusaiba alimkimbilia babu yake mara moja. Baada ya kucheza naye, mzee aliianua kanzu, akaitandika magotini mwake. Mtoto akasita. Akaitazama kanzu. Akakitazama kisheti mkononi mwa babu. Hakuna aliyemwita.

Akaja mwenyewe, akakaa juu ya kanzu, akaanza kutafuna. Kisha akajifuta mikono yenye sukari kwenye kanzu hiyo.

"We Nusaiba! Nimeifua hiyo kutwa!"

"Mwache," mzee alisema. "Mwache ajifute atakavyo."

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka bombani walisimama na ndoo zao, wakatazama. Mmoja akasema, "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia.

"Sasa Ijumaa utakuja na kanzu, baba?" Mwanaasha aliuliza.

"Nitakuja. Nitaiweka begani kwanza. Kuivaa mbele yake, bado tuna kazi."

Mwanaasha akailoweka kanzu kwenye beseni. Nusaiba akachutama kando yake, akaanza kulipigapiga povu.

"Ya babu," akasema.

Mwanaasha hakuisugua. Aliiacha ilowe, ataimalizia kesho.