Mkono wa Doto

Raymundi na mkewe Getruda walikuwa wakulima wa tumbaku. Waliishi katika kijiji cha ujamaa karibu na stesheni ya Usoke, pamoja na Bibi Ng'washi, mama yake Raymundi. Walikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Mwaka huo wa sabini na sita, mapacha walikuwa wameanza darasa la kwanza. Getruda naye alikuwa mjamzito.

Kila asubuhi mapacha walifagia uwanja. Kulwa alishika ufagio kwa mkono wa kulia. Doto aliushika kwa mkono wa kushoto. Walianzia katikati, kila mmoja akaenda upande wake, wala hawakugongana. Majirani walipita wakitabasamu.

Bibi Ng'washi hakutabasamu.

"Doto! Mkono wa kulia!" alisema.

Doto alihamisha ufagio. Baada ya muda mfupi ufagio ulikuwa umerudi kushoto.

Bibi hakuwa mkali kwa ubaya. Aliwapenda sana wajukuu zake. Ila aliogopa. "Mtoto mwenye mashoto atachekwa," alisema. "Watu watasema hakufunzwa kwao."

Siku moja alimwambia Getruda, "Mama Kulwa, ulipokuwa na mimba ya hawa watoto ulipenda kulalia ubavu wa kushoto. Nilikuona. Ulimlalia Doto, mkono wake wa kulia ukakosa nguvu. Safari hii jihadhari."

Maneno yale yalimwingia Getruda. Tangu siku hiyo alijilazimisha kulalia ubavu wa kulia tu. Akigeuka usingizini, alishtuka na kujirudisha. Alikonda. Macho yakawa mekundu. Hata kliniki akaacha kwenda. Aliogopa nesi naye atamwambia, "Ni wewe uliyemharibu mtoto."

"Una nini, Mama Kulwa?" Raymundi alimuuliza.

"Uchovu wa kazi tu," alijibu.

Shule ilipofungwa, ilikuwa wakati wa kutengeneza michembe. Bibi na wajukuu walikaa kivulini, wakamenya viazi vitamu na kuvikata vipande vya kuanika. Bibi alichukua kipande cha khanga kuukuu. Akavifunga pamoja vidole vya mkono wa kushoto wa Doto.

"Bibi, sasa kiazi nitakishikaje?"

"Kishike hivyo hivyo. Kisu kishike kwa kulia. Utazoea."

Doto alijaribu. Kiazi kiliteleza kwenye kitambaa. Kisu nacho kikateleza, kikamkata chini ya dole gumba. Damu ilitoka nyingi.

"Yalaa! Mtoto wangu!" Bibi alipiga kelele.

Raymundi alitoka mbio kwenye bani la kukaushia tumbaku. Alimfunga Doto jeraha, akampakia kwenye baiskeli, wakaenda zahanati. Getruda na Bibi wakawafuata kwa miguu. Kulwa alibaki kwa jirani, akilia.

Nesi wa zahanati aliitwa Marcelina. Aliosha jeraha, akalishona, akampa Doto sindano ya kuzuia pepopunda. Kisha akaona alama za kufungwa kwenye vidole.

"Nani alifunga vidole hivi?" aliuliza.

Bibi alisema, "Ni mimi, mwanangu. Ana mashoto. Nilitaka kumsaidia, maana mkono wake wa kulia hauna nguvu."

"Shikamoo, bibi," nesi alisema, kwa kuwa alikuwa hajamsalimia. "Najua unampenda. Hebu tuutazame huo mkono. Doto, shika vidole vyangu kwa mkono wa kulia. Bana. Bana kweli!"

Doto alibana kwa nguvu zake zote.

"Aii! Basi, basi!" nesi alisema. Doto akacheka, machozi bado yako mashavuni. "Mkono huu ni mzima kabisa. Kama ungekuwa umelegea, au hausogei vizuri, ningewatuma Tabora kwa daktari. Lakini hauna ugonjwa wowote."

"Sasa kwa nini hautumii?" Bibi aliuliza.

Nesi alitoa karanga mfukoni. Akaimenya, akaifungua. Punje ikagawanyika vipande viwili.

"Ndani ya kichwa chetu mna ubongo," alisema. "Ubongo nao una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Nusu ya kushoto huongoza mkono wa kulia. Nusu ya kulia huongoza mkono wa kushoto."

"Yaani zinapishana?" Raymundi aliuliza.

"Zinapishana. Na nusu hizo hazilingani sawasawa. Kwa watu wengi, sehemu fulani ya upande wa kushoto, ile inayohusika na kusema, ni kubwa kidogo. Madaktari wamechunguza, wakaona tofauti hiyo huanza mtoto akiwa bado tumboni. Kabla hajazaliwa, kabla hajashika kijiko."

"Kwa hiyo na mkono pia huanza hivyo?" Raymundi aliuliza.

"Inaonekana hivyo. Watu wengi hutumia zaidi mkono wa kulia. Wachache hutumia wa kushoto. Wengine huzaliwa katika ukoo wenye watu wa mashoto. Wengine hutokea tu. Madaktari bado hawajajua yote. Lakini si ugonjwa, si laana, na mama hakukosea kitu. Ubongo wa Doto ni mzima kama wangu."

Getruda aliinua kichwa. "Nesi," alisema taratibu, "hata kama nililala vibaya?"

"Ulilala vipi?"

"Ubavu wa kushoto."

Nesi alimtazama. "Huyu si pacha? Mwenzake anatumia mkono gani?"

"Wa kulia," Getruda alijibu. Kisha akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kulwa alikuwemo tumboni humo humo. Mlalo ulikuwa mmoja. Kama nilimharibu Doto, mbona Kulwa ni wa kulia?"

"Umejijibu, mama."

Getruda alianza kulia. Alilia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Tena sikiliza," nesi aliendelea. "Mimba ikiwa kubwa, kulala ubavu ni vizuri. Na wa kushoto ndio mzuri zaidi. Damu inafika vizuri kwa mtoto."

"Wa kushoto!" Bibi alisema. Alishika mdomo. "Mimi ndiye niliyemkataza." Akamgeukia Getruda. "Mwanangu, unisamehe. Nilisema nisiyoyajua."

"Yamekwisha, mama," Getruda alisema.

"Na kula je?" Bibi aliuliza. "Kwetu tunakula kwa mkono wa kulia."

"Hiyo ni adabu ya nyumbani kwenu. Mfundisheni polepole, bila kumfunga wala kumchapa. Lakini kalamu, kisu na jembe, mwacheni ashike kwa mkono wake."

Siku ile ile nesi alimpima Getruda. Mtoto tumboni alikuwa anacheza vizuri.

Nyumbani, Getruda alijilaza ubavu wa kushoto mchana kweupe, akalala mpaka jioni. Bibi alisonga ugali mwenyewe. Watoto walipotaka kupiga kelele, aliwatoa nje wakacheze uwanjani.

Shule ilipofunguliwa, Raymundi alikwenda kuzungumza na Mwalimu Alois. Mwalimu alikuwa akimlazimisha Doto kuandika kwa mkono wa kulia. Alimsikiliza Raymundi mpaka mwisho.

"Kumbe!" alisema. "Basi nitamkalisha mwisho wa benchi, upande wa kushoto, ili asigongane viwiko na jirani yake."

Akafanya hivyo. Herufi za Doto zilizokuwa zikiyumba zikaanza kusimama. Baada ya muda aliandika jina lake ubaoni mbele ya darasa, na Kulwa ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Getruda alirudi kliniki bila kukosa. Alinenepa, macho yakang'aa. Tumbaku ilipokuwa imeshauzwa, alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kubwa.

Wanawake wa kijiji walikuja kumwona. Mmoja wao akamwinamia mtoto, akavishika vidole vyake vidogo.

"Bibi Ng'washi," aliuliza, "huyu naye atakuwa wa mkono gani?"

"Hilo analijua mwenyewe," Bibi alisema. "Nyie mwacheni kwanza anyonye."