Sura Ambayo Kasuku Hakuisoma

Kila asubuhi, kabla kengele ya kipindi cha pili haijalia, darasa la sita lilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyetaka kuikosa. Mwanafunzi mmoja alisimama mbele, akaiweka mezani riwaya yenye jalada la buluu, kisha akawasimulia wenzake sura aliyoisoma nyumbani jana yake. Riwaya ilikuwa moja tu, na wanafunzi walikuwa arobaini na wawili. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyebuni utaratibu huo: leo kitabu kinalala kwako, kesho unatusimulia sura yako, halafu unampa mwenzako.

Riwaya yenyewe ilihusu wanawake wanne wa nyumba moja katika nchi ya mbali, nchi ya milima na baridi ambako theluji hufunga milango miezi mitatu mfululizo. Walikuwemo mama mkwe mkali kama pilipili, wake wawili wa wanawe, na binti wa mwisho ambaye hajaolewa. Kazi yao ilikuwa kufuma mazulia toka asubuhi mpaka jioni. Siku za mwanzo wanafunzi walicheka sana. Watu gani hawa wanatia chumvi kwenye chai? Mbona mke haongei mpaka mama mkwe aongee kwanza? Lakini sura zilivyozidi kwenda, vicheko vilipungua. Walimpenda hasa mke wa mwana mkubwa, mama wa miaka arobaini na tano ambaye darasa zima lilimwita Mfumaji. Huyo alikuwa amejiandikisha kujifunza kusoma, na kila mtu alitaka kujua kama ataweza.

Siku ya Alhamisi kitabu kikaenda kulala kwa Kasuku.

Kasuku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kuchoka. Ukimwamsha usingizini ukamwambia asimulie, angesimulia. Alirudi nyumbani, akatupa mkoba kitandani, akatoka kwenda kuruka kamba na majirani. "Nitasoma nikirudi," alijiambia. Aliporudi alikuwa hoi. "Nitasoma baada ya kula." Baada ya kula macho yakawa mazito, akasema atasoma alfajiri. Alfajiri ikapita akikoroma. Kwa hiyo kitabu kililala kweli, tena usingizi mnono, ndani ya mkoba.

Asubuhi, akitembea njiani, alifungua sura ya kumi na moja na kuwahi ukurasa wa kwanza tu. Mfumaji anaingia darasani kwa mara ya kwanza, na wanawake waliokaa kwenye benchi wanamcheka. "Yatosha," akasema Kasuku. "Mengine nitayajaza mwenyewe."

Bahati mbaya, au tuseme bahati ya mwongo, siku hiyo Mwalimu aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akamwachia kiranja darasa. Kasuku akasimama mbele, akakohoa kidogo kama mzee wa baraza, akaanza.

Jamani, alisimulia! Alisema Mfumaji aliitwa ubaoni, akaandika jina lake miguu juu kichwa chini, mpaka mwalimu wake akaangusha chaki kwa kucheka. Akasema Mfumaji alitoka mbio akateleza kwenye theluji, puu! Hapo Kasuku mwenyewe akajibwaga sakafuni, na darasa likaangua kicheko. Akamalizia kwamba Mfumaji alifika nyumbani, akalitupa daftari kwenye jiko la moto, akasema, "Kichwa changu kimeshakauka. Herufi haziingii tena." Basi, hadithi ya kusoma ikaishia hapo.

Makofi yalilia mpaka Mwalimu akayasikia akirudi. "Hongera, Kasuku," alisema mlangoni. "Naona umewafurahisha."

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa jirani yake wa dawati, msichana mpole waliyemwita Kimya. Kasuku alipokaa, Kimya alimsogelea.

"Kasuku, ni kweli alilichoma daftari?"

"Si nimesema? Ulitaka nikuimbie?"

"Nauliza tu. Mama atasikitika."

"Mama yako anahusikaje?"

"Kila siku nikitoka shule namsimulia sura, yeye akiwa kwenye cherehani. Unajua mama hakupata kusoma. Sasa amejiunga na darasa la watu wazima, lile la jioni hapa shuleni. Alisema kama yule mama wa theluji anaweza, na yeye ataweza."

Hapo ndipo mahali pa kusema, na Kasuku alipajua. Yalikuwa maneno manne tu: sikuisoma sura, nimeibuni mwenyewe. Lakini makofi yalikuwa bado moto masikioni mwake. Akafungua daftari la hesabu, akajifanya anatafuta ukurasa.

Adhuhuri shule ikafungwa kwa mapumziko ya wiki moja. Kitabu kikafungiwa kabatini.

Siku ya Jumanne, mama yake Kasuku alimtuma kwa fundi kuuliza sare yake mpya ya shule imefikia wapi. Fundi huyo ndiye mama yake Kimya. Watu wote walimwita Mama Fundi. Chumba chake kilikuwa kidogo, na mlangoni palikuwa na cherehani ya miguu, pasi ya mkaa, na meza ndefu iliyojaa vipande vya kitambaa.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Sare yako hiyo naikata. Subiri nimalize kola."

Kasuku akatazama mezani. Juu ya kitambaa cheupe cha shati lake palikuwa na karatasi iliyokatwa umbo la kola, imeshikwa kwa pini, na mkasi ulikuwa ukiizunguka taratibu. Karatasi ilikuwa na mistari. Kwenye mistari palikuwa na herufi zilizoandikwa kwa penseli, kubwa, zinazotetemeka: a a a a, kisha e e e e, na ya mwisho imefutwa na kuandikwa tena.

"Mama Fundi, hiyo karatasi..."

"Ni ya daftari langu la shule." Mama Fundi alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Nimeona afadhali linisaidie kukatia, kuliko kukaa bure. Sisi wa jioni hatuna likizo; kesho kutwa kuna jaribio, na asiyefanya anafutwa hadi mwakani. Wanifute tu. Mwanangu alinisimulia habari za yule mwenzangu. Kichwa chake kimekauka, na changu pia. Yeye alikuwa hodari kunishinda, na bado kashindwa. Mimi ni nani?"

Mkasi ukamaliza kona ya mwisho. Kola ya Kasuku ikatoka, safi, imekatwa juu ya herufi za Mama Fundi.

Kasuku aliaga akatoka mbio. Njiani hakumwona mtu. Alijitetea moyoni kwamba ni hadithi tu, kwamba Mfumaji hata si mtu wa kweli, kwamba yeye hakumwambia mtu yeyote aache shule. Kila utetezi aliouleta, aliiona ile karatasi. Jioni alisukuma sahani ya chakula pembeni.

"Una nini?" mama yake aliuliza.

"Tumbo, mama."

Na huo nao ulikuwa uongo. Sasa alikuwa anauhesabu. Wa kwanza darasani, wa pili kwa Kimya, wa tatu kwa mama yake mzazi. Aliona aibu mpaka akatamani kujificha chini ya meza.

Jumatano asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta anaanika nguo, ana vibanio mdomoni. Kasuku hakungoja hata salamu ziishe. Alieleza yote, kamba, usingizi, ukurasa mmoja, jiko la moto, na kola. Alipofika kwenye kola akaanza kulia.

Mwalimu alitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Kasuku zaidi.

"Kumbe hongera yangu nilimpa mtu asiyesoma," alisema. "Na mimi nina kosa, sikuuliza. Ngoja nichukue ufunguo."

Walikwenda shuleni wakafungua kabati. Kasuku alidhani Mwalimu angemshika mkono waende pamoja kwa Mama Fundi.

"Mwalimu, hutanisindikiza?"

"Darasani ulisimama na nani?"

"Peke yangu."

"Haya. Soma kwanza hapo kwenye ngazi, yote, kisha nenda hivyo hivyo."

Kasuku alisoma sura ya kumi na moja mara mbili. Mara ya pili aliisoma kwa sauti ili asijikwae.

Alipofika kwa fundi, cherehani ilikuwa inalia. Kimya alikuwa sakafuni anashona vifungo. Kasuku alisimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Mama Fundi, naomba unisamehe. Mfumaji hakuchoma daftari. Sikuisoma sura. Nilibuni ili watu wacheke."

Cherehani ikanyamaza. Kimya akanyanyua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

"Nilikuuliza!" alisema. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Nilikuuliza kabisa, ukaniambia nataka uniimbie. Mimi nikaja kumwambia mama uongo wako kwa mdomo wangu!"

"Nisamehe," Kasuku alisema tena.

Mama Fundi akavuta kigoda kwa mguu wake.

"Kaa. Soma."

Kasuku akasoma. Mfumaji alichekwa kweli, na aliyecheka zaidi ni wifi yake. Kwa siku tatu hakurudi darasani. Siku ya nne, akiwa anafuma, vidole vyake vilianza kuweka herufi moja kwenye ukingo wa zulia, kwa uzi mwekundu. Kesho yake akaweka ya pili. Vidole vilivyozoea uzi vilijifunza upesi kuliko viliposhika kalamu. Mama mkwe, yule mkali, akaja akainama juu ya zulia. Wote wakaacha kufuma, wakijua sasa kumekucha. "Hii ni nini?" akauliza. "Ni herufi ya kwanza ya jina langu, mama." Bibi akaipapasa kwa kidole, akasema, "Na ya kwangu ikoje?"

Kasuku akafunga kitabu. Mama Fundi alikuwa amejifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Loo! Yule bibi!" alisema. "Na mimi nilivyomchukia!" Akacheka, safari hii kicheko cha kweli, hata Kimya akatabasamu kidogo bila kupenda. Kisha Mama Fundi akawa mtu wa kazi tena.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nikikata kitambaa vibaya, mwenye gauni anakuja, naona lilipombana, namtengenezea. Wewe ulikata ukiwa huko darasani, na hukujua gauni ni la nani. Ndivyo uongo ulivyo. Ukishautoa mdomoni, huchagui ataubeba nani. Umekuja kwa miguu yako, hilo nakupongeza. Lakini kama nisingekata kola mbele yako, ungekuja?"

Kasuku aliinamisha kichwa. "Sijui, Mama Fundi."

"Afadhali umesema hujui. Hilo la kweli." Akavuta droo, akatoa daftari lililopungua kurasa. "Wewe Kimya, acha vifungo. Nifundishe hiyo herufi e tena, kesho nina jaribio."

"Na mimi nitashona vifungo," Kasuku alisema haraka.

"Utashona. Vibaya, najua, lakini utashona."

Mama Fundi alifanya jaribio lake. Hakuwa wa kwanza, na hakufutwa. Jumatatu shule ilipofunguliwa, kabla kitabu hakijapewa mtu mwingine, Kasuku aliomba kusimama mbele. Hakukohoa wala hakujibwaga sakafuni. Alisema alichokifanya, akasoma sura ya kumi na moja neno kwa neno, na wengine wakamzomea, akavumilia. Aliporudi kwenye dawati, Kimya hakumsemesha. Ilichukua wiki nzima mpaka alipomsogezea kifutio bila kuombwa.

Sare ilikuwa tayari Ijumaa. Kasuku alipoivaa nyumbani alihisi kitu kikimkwaruza shingoni. Akaivua, akageuza kola. Ndani, kwa uzi mwekundu, kwa herufi kubwa zilizoyumba, Mama Fundi alikuwa ameshona neno lake la kwanza zima, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeliona.

Soma.