Risasi Ndani ya Mchanga

"Simama! Zima injini!"

Dereva hakuzima. Alikanyaga mafuta, lori likaruka tuta la Kangemi kwa kishindo, na wauza nyanya kando ya Waiyaki Way wakaruka nalo.

Kibe aliinama juu ya Yamaha Ténéré yake, akapenya kati ya lori na basi la shule, akakata mbele na kufunga breki. Kabla magurudumu hayajatulia, Glock 19 ilikuwa mkononi.

Lori lilisimama, bampa yake karibu imguse goti.

"Shuka. Mikono juu."

Dereva, bonge la mtu kwa jina Nthiwa, alishuka, mikono juu. "Mkubwa, nimefanya nini?"

"Mbona ulikimbia?"

"Wewe ungeona mtu wa pikipiki amekuelekezea bunduki, ungesimama umsalimie?"

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na ndiyo sababu lilimuudhi Kibe zaidi. Alipanda juu ya lori, akawasha kitambua-vyuma chake cha Garrett, akakipitisha huku na huku. Kimya. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akachimba. Akahema. Akachimba tena.

Mchanga. Mchanga wa mto, wa kujengea, msafi hata ungeutia kwenye saa ya mchanga. Hakuna hata msumari.

Aliruka chini, jasho likimtiririka mgongoni. Tangu asubuhi alikuwa akisimamisha malori ya mchanga, na tangu asubuhi madereva walikuwa wakimtazama kama mwendawazimu. Akaivuta Motorola kiunoni.

"Kituo, hapa Siafu. Hakuna kitu. Mchanga mtupu tena."

"Siafu, umetafuta vizuri?"

Huyo alikuwa Huzefa, mchambuzi wa Kitengo, idara ya siri ya serikali, mtoto wa Mombasa aliyekaa na vipokea-sauti vyake masikioni katika ofisi iliyojificha juu ya duka la vitambaa, Biashara Street. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu ya Ijumaa, na alijua hivyo, na alipenda wengine wajue.

"Nimechimba kama fuko, Huze. Unataka nikule huu mchanga?"

"Maneno yalikuwa bayana, ndugu yangu. Nimeyasikiliza mara chungu nzima."

Bayana kweli. Kitengo kilikuwa kimenasa simu ya mtu aliyeitwa Dorn, mzungu wa pasipoti tatu ambaye hakuna aliyejua ile halali ni ipi. Dorn alikuwa amemwambia mtu wake hivi: *Msiguse kwa mikono. Kuna risasi nyingi ndani ya mchanga. Shusheni yote upande wa magharibi, leo mchana.* Basi Kitengo kizima kikashika moto. Risasi! Zimefichwa kwenye malori ya mchanga! Magharibi mwa Nairobi! Amri ikatoka kwa herufi kubwa: ZUIA RISASI ISISHUSHWE.

Na sasa jua lilikuwa linapanda, na Kibe alikuwa na mchanga hadi ndani ya soksi.

Simu yake ikaita mfukoni.

Mama.

"Kibe, baba, uko wapi?" Wangeci alimwita mwanawe "baba" kwa sababu alirithi jina la babu yake, baba wa Wangeci, na alipotaka jambo alilitamka hilo neno kwa utamu usiokatalika.

"Niko kazini, mama."

"Hiyo kazi ya bima haiishangi? Kuja Riruta. Mchanga yangu imefika!"

"Kwani unajenga?"

"Kujenga nini? Mchanga ya shamba! Nyeusi, baba, laini, imejaa lori mzima. Na ni ya bure! Wale watu wa kile kiwanda cha betri walifunga, si unakijua? Wanasaidia wakulima. Mzungu wao mwenyewe amekuja, ati tupigwe picha na yeye. Anaitwa Doni, sijui Dani."

Doni. Dorn!

Mchanga ya shamba. Loo! Yeye, mzaliwa wa Riruta, alikuwa ameuita udongo mchanga tangu alipojua kusema. Mama yake aliuita mchanga. Mtaa mzima uliuita mchanga. Na bado alikuwa ameshinda barabarani akikimbiza malori ya wajenzi, eti kwa sababu Kituo kimesema.

"Mama, nisikize. Usikubali wamwage. Umesikia? Usikubali!"

"Ati nini? Siskii, lori inanguruma. Kuja haraka, picha ni sasa." Simu ikakatika.

Akapiga tena. *Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Akapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akarudia yale yale, kwa adabu ile ile. Kibe alitamani kumtukana.

"Huze!" alifoka kwenye redio. "Lile dude zito la ndani ya betri ya gari. Kwa Kiswahili chako cha Mombasa linaitwaje?"

"Risasi," Huzefa alisema polepole, sauti imemnywea. "Ya Rabi. Kibe, yaitwa risasi."

"Na mchanga ni nini?"

"Mchanga ni mchanga, bwana. Wa ufukweni, wa kujenge..."

"Huku ni udongo! Udongo wa shamba, Huze! Mzungu amesoma 'risasi' kwenye kamusi, akaokota 'mchanga' kwa madereva wake wa Kawangware, na sisi tumeshinda tukitafuta bunduki!"

Nthiwa, mikono bado juu, aliuliza kama anaweza kwenda. Kibe alimpungia aende zake.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, na kilipokaa kikawa kibaya kuliko bunduki. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa baada ya watoto wa majirani kuugua. Ardhi yake ilikuwa imelewa sumu. Bila shaka Dorn alilipwa aichimbe, aifunge kwenye mapipa, aisafirishe ikatibiwe. Akaona njia nyepesi: igawe bure, iite msaada, na upigwe picha.

"Risasi haiozi, Kibe," Huzefa alikuwa akisema, safari hii bila madaha. "Mvua haiimalizi. Yakaa ardhini miaka na mikaka. Yashika kwenye majani, yaingia na vumbi. Mtu mzima yamla figo na damu. Mtoto yamla ubongo, na hainuki, haionekani..."

"Shamba ni la mama yangu, Huze."

Sauti nyingine ikaingia katikati, kavu. Daksha, mkuu wa operesheni. "Siafu, rudi mjini. Kama si silaha, si kazi yetu. Mchanga ni wa watu wa mazingira. Nitawaandikia barua."

"Watakuja lini, madam?"

"Wakijibu barua."

"Lori liko kwa geti saa hii!"

"Siafu, sheria haziandikwi na mimi."

Kibe alifumba macho. Alikuwa amechoka na barua. Alikuwa amechoka na watu wenye viti vya kuzunguka. Kisha akauliza, kwa upole uliomtisha hata yeye mwenyewe: "Madam, nisomee amri yangu. Neno kwa neno."

Daksha alisita. Karatasi ikachakarika. "Zuia risasi isishushwe."

"Risasi ndiyo naenda kuzuia."

Daksha akashusha pumzi. "Amri haijabatilishwa. Endelea, Siafu. Na usiharibu pikipiki ya serikali."

Kibe aliteremka Kangemi kama jiwe, akakata Kawangware kwa vichochoro, honi mkononi. Mkokoteni wa maji ukaziba njia. Mwenye mkokoteni akataka kujua kwa nini watu wa pikipiki hawana heshima. Kibe akapanda ukingo wa mtaro, akampita, akatokea Naivasha Road na kukuta barabara imechimbwa na mafundi wa mabomba, wote wamesimama wakitazama shimo. Hata leo! Siku zote jiji hili lina shimo, na siku zote shimo liko kati yako na mama yako. Akaliruka.

Shamba la Wangeci lilikuwa nyuma ya ploti za kupangisha, kipande chembamba kilicholisha nusu ya mtaa. Lori jekundu lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi ukingoni. Tumbo lake lilikuwa tayari linainuka. Kando yake Land Cruiser nyeupe, bango la *ARDHI NJEMA KWA WOTE*, kijana mwenye kamera, na mzungu mzee, mrefu, wa nywele za kijivu, glavu za mpira mikononi, akitabasamu.

Wangeci alisimama katikati, gamubuti miguuni, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amevalia picha.

"Simamisha!" Kibe alipaza sauti.

Dereva wa lori hakusikia. Mlango wa nyuma ukaanza kufunguka, na chembe za kwanza nyeusi zikadondoka.

Kibe aliiacha Yamaha ianguke yenyewe. Akapiga goti. Chini ya tumbo la lori, bomba la mafuta ya kuinulia lilikuwa limetuna mithili ya mshipa wa shingo. Akavuta pumzi.

Risasi moja.

Mafuta yakaruka. Tumbo la lori likashuka taratibu, likalalama, likakaa. Mlango ukajibamiza. Dereva alichomoka upande wa pili akatokomea, na mpiga picha akamfuata na kamera yake.

"Kibe!" Wangeci alishika kichwa. "Hiyo bunduki umetoa wapi?"

"Kwa bima, mama. Lala chini!"

Dorn hakulala. Alikuwa ameshafika kwenye Land Cruiser, mkono umeingia ndani kutafuta kitu. Kibe aliupiga mlango teke, ukambana kifundo cha mkono. Beretta ikaanguka kwenye majani. Kiwiko kimoja cha mbavu, pingu mbili, na yule mzee alikuwa ameegemea boneti akihema.

"Bwana," alisema kwa Kiswahili cha kitabuni, kila silabi imepangwa, "unafanya kosa kubwa. Huu ni udongo tu. Hakuna mahakama itakayonifunga kwa ajili ya udongo."

Na kilichomkera Kibe ni kwamba huenda ilikuwa kweli.

Wangeci aliinuka, akajipangusa magoti. Aliwatazama wote wawili, akaenda nyuma ya lori, akachota kiganja kizima cha zile chembe zilizodondoka.

"Mama, usishike! Ina risasi!"

"Ya bunduki?"

"Ya betri. Sumu, mama. Wameitoa pale kiwandani."

Mama hakuutupa udongo. Alitembea nao hadi kwa Dorn, akamsogezea puani, jinsi mkulima anavyomnusisha mwenzake udongo mzuri. "Umesema ni tamu. Umesema hata wewe ungelima nayo. Toa hizo glavu, shika."

Dorn alirudi nyuma hadi boneti ikamzuia. Glavu zake za mpira zilikuwa zimefika viwikoni.

"Shika!" Wangeci alipiga kelele. "Si ni mchanga tu?"

Dorn aligeuza uso. Mama akafungua vidole, udongo ukaanguka juu ya viatu vyake, na yule mtu wa pasipoti tatu akapiga yowe na kukung'uta miguu kama aliyemwagiwa makaa.

"Sasa nimeamini," Wangeci alisema.

Kibe aliinua redio. "Kituo, risasi imezuiwa. Mzungu ninaye. Ita watu wa mazingira waje na mapipa yao, si na barua." Alihisi mabega yakilegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nawa mikono, mama. Na sabuni, mpaka kwa kucha. Imeisha."

Mama hakusogea. Alikuwa anautazama upande wa juu wa shamba, ambako sukuma wiki ilisimama kwa mistari, mingine imekwanguliwa majani ya chini, mingine ikingoja.

"Baba," alisema. "Na ile ya kwanza?"

"Ya kwanza gani?"

"Waliniletea lori ingine kabla ya mvua. Ndiyo nilipanda hapo juu. Nilikuwa nataka kukushangaza."

Kibe aligeuka, akaitazama ile mistari. Ndani yake kitu kilipiga kelele: kwa Dorn, kwa barua, kwa mzigo aliouzuia kumbe mwenzake umeshaota majani.

Kwenye ua, mpangaji wa ploti ya nne alikuwa amefika na mfuko wake, mtoto mgongoni. "Shosho, niwekee sukuma ya ishirini," aliita. "Kwani hapa kuna nini?"

"Yvonne," Wangeci alisema. "Zile za jana mlikula?"

"Eeh. Huyu hata alimaliza sahani." Yvonne alimpapasa mtoto matakoni, akicheka.

Wangeci alimchomoa Dorn glavu chini ya pingu, akazichomeka kiunoni, akapita kando ya mwanawe bila kumtazama. Aliingia katikati ya mistari, akashika mche wa kwanza kwa shina, akaung'oa na mizizi yake. Akaung'oa wa pili. "Leo hakuna mboga," alisema. "Kesho hakuna. Ambia wote. Wamwage zile ziko kwa sufuria." Akaendelea kung'oa, kitambaa kipya kikimteleza kichwani.

Redio ilichakarika. "Siafu," alisema Huzefa, "gari la mahabusu lipo njiani. Wahitaji nini tena?"

Kibe aliivuta Glock, akaifungia ndani ya kisanduku chini ya kiti cha Yamaha. Milango ya ploti ilikuwa imeanza kufunguka, na kina mama walikuwa wanatoka kuona kelele ni za nini, kila mmoja na mtoto wake.

"Gari lingine, Huze. La kupeleka watoto hospitali wapimwe damu."

"Watoto wangapi?"

Kibe alitazama ua mzima, akajaribu kuhesabu, akaacha.

"Leta basi," alisema, akaizima redio, akakunja mikono ya koti na kutembea taratibu kuelekea kwa mama yake, ambaye alimrushia glavu za Dorn kabla hajashika mche wowote.