Herufi za Njano za Aryemo

Kila Jumamosi asubuhi, Aryemo akishaosha vyombo na kufagia ua, alikwenda mbio hadi kwenye ofisi ya Afande Okwera pale mtaani Bukoto. Ofisi ni jina la heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya kibanda cha chapati cha Mama Safinah, chenye meza, mipira saba na kompyuta kuukuu. Afande alikuwa koplo wa polisi aliyestaafu, na sasa aliwafundisha wasichana wa mtaa netiboli. Timu yao iliitwa Mwangaza, na jezi zao zilikuwa za njano, tena njano ya kuumiza macho.

Aryemo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa mlinzi hodari uwanjani na karani wa timu ofisini. Barua za kwenda Kenya ziliandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Afande kilikuwa cha kambini, kisichojali sarufi hata kidogo.

"Wewe andika, mimi nasema tu," Afande alizoea kumwambia. "Lakini mipangilio ya kompyuta, hapana gusa!"

Aryemo aligusa. Wiki mbili zilizopita, Afande alipotoka kujaza mipira upepo, aliingia kwenye mipangilio ya baruapepe akaagiza kila barua mpya iandikwe kwa herufi za njano, rangi ya timu. Skrini ya Afande ilikuwa nyeusi, maana mwanga mweupe ulimchoma macho, na juu ya weusi ule herufi ziling'aa ajabu. Afande aliporudi alicheka sana. "Angalia! Hii kompyuta napenda timu yetu!" Aryemo naye akacheka, wala hakusema kwamba ni yeye aliyeibadilisha.

Jumamosi hii wasichana walikuwa na furaha tele. Walikuwa wamealikwa kwenye mashindano Kisumu, nchini Kenya, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, na huko nje walikuwa wakirushiana mpira huku wakiimba jina la mji huo. Saa nne simu ya Afande ikalia.

"Afande, ni Nabangala, mwandalizi wa mashindano," sauti ya mwanamke ilisema. "Mmenitumia barua tatu, zote tupu! Nisipopata majina ya wachezaji wenu kabla ya saa sita, nafasi yenu nitawapa wengine."

"Tupu? Mama, mimi naona maneno hapa, nawaka kama taa!"

"Huku kwangu ni weupe mtupu, Afande. Saa sita."

Afande aliweka simu mezani. "Kompyuta iko na ugonjwa," alisema kwa huzuni. "Napeleka kwa fundi, kule Nakasero." Akainama kuchomoa waya.

Aryemo aliutazama ule waya. Alimjua fundi yule. Hakuwahi kurudisha kitu siku ile ile. Na hapo ndipo alipoelewa kilichotokea: skrini ya Bi. Nabangala ilikuwa nyeupe, na njano juu ya nyeupe haionekani. Angeweza kunyamaza, lawama ziiangukie kompyuta, ambayo haina mdomo wa kujitetea. Lakini nje bado walikuwa wakiimba, na aliona haya hata kuwasikia.

"Afande, usichomoe!" alisema. "Kompyuta si mgonjwa. Ni mimi. Nilibadilisha rangi ya herufi."

Afande akainuka polepole. "Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Banange! Na mimi nasifu kompyuta!" Uso wake ulikuwa mkali, nao ulijua ukali, kwa miaka yote ile ya polisi. "Sasa wewe naweza kurudisha?"

Aryemo alikaa. Angeweza kuipaka barua ile moja rangi nyeusi na kuituma, lakini barua inayofuata ingezaliwa njano tena. Kwa hiyo akarudi kule kule kwenye mipangilio, akachagua rangi ya kawaida, ile inayoonekana nyeupe kwenye skrini nyeusi na nyeusi kwenye skrini nyeupe, akahifadhi. Safari hii hakuyaamini macho yake peke yake. Alituma barua ya majaribio kwenye simu ya Mama Safinah.

"Ninasoma!" Mama Safinah alipaza sauti kutoka kwenye karai la chapati. "Meusi kabisa! Mnanisalimia tu, hamnunui?"

Aryemo akaandika majina upya. Afande akavaa miwani, akahesabu kwa kidole.

"Tisa. Mimi niko na wachezaji kumi. Wapi Aryemo?"

"Nimejiondoa, Afande." Machozi yalimlengalenga. "Mwenye kosa hastahili kwenda."

"Nani nakupa wewe kazi ya hakimu? Andika jina!"

Akaliandika. Saa tano na nusu barua ikaenda. Haikupita dakika kumi, Bi. Nabangala akapiga simu: majina yote kumi yamefika, karibuni Kisumu! Wasichana wakapiga vigelegele, Mama Safinah akavidakia, na mtaa mzima ukadhani kuna harusi.

Lakini Afande alihesabu barua zote zilizotumwa wiki mbili zile, kisha akamwita Aryemo mezani.

"Wewe naenda Kisumu. Lakini kwanza, watu kumi na mmoja napata barua tupu toka kwangu. Wewe naandikia kila mtu, naomba msamaha."

"Ndiyo, Afande. Nilidhani nimeharibu barua za Bi. Nabangala tu."

"Hapana. Sikia, mtoto wangu. Kosa ukisema siku ile ile, iko moja. Ukificha, kosa natoka tena na kila barua."

Aryemo akavuta kiti, akafungua barua mpya. "Mpendwa," aliandika, "kosa lilikuwa langu."