Anasema Chai Ni Tamu

"Samahani, duka la dawa liko wapi?"

Mshona mapazia aliuliza hivyo kwa Kiitaliano, wala hakuwa akimuuliza mtu. Alikuwa kwenye foleni ya mkahawa saa ya chakula cha mchana, waya za simu masikioni, akirudia somo lake kwa sauti kama mtu anayegombana na nzi. Mbele yake watu wanasukumana, nyuma wanasonya, vikombe vinagongana.

"Nyoosha moja kwa moja, kisha kata kushoto," sauti ya kiume ikamjibu kwa Kiitaliano kile kile, kutoka chini ya kaunta.

Mama yangu wee! Simu ilimponyoka ikaangukia kwenye sahani ya mtu. Kutoka chini kikaibuka kichwa, halafu mabega, halafu ovaroli ya buluu yenye spana mfukoni. Kwenye nyusi moja palikuwa na povu la maziwa.

"Umenitisha!" alisema binti, mkono kifuani.

"Wewe ndiye umenitisha mimi. Miaka yote nazitengeneza hizi mashine za kahawa za Kiitaliano, leo nikadhani moja imeamua kunisemesha."

"Na ukaamua kuijibu?"

"Ningefanyaje? Ilikuwa na adabu. Imeanza na samahani."

Binti alitaka kununa, kicheko kikamtoroka. Alivaa gauni la njano alilolishona mwenyewe kwa mabaki ya pazia la hoteli, na kwenye kola alikuwa amechomeka pini za kazi akasahau kuzitoa. Fundi alizitazama zile pini, akamtazama na mwenye kola, akasahau mashine. Mjini, msomaji wangu, kupata namba ya simu ya mtu ni rahisi kuliko kupata choo. Kabla kahawa haijatoka, fundi alikwisha kumwita Pazia, naye binti akamwita Povu.

Jioni simu ikalia.

"Halo, Pazia wa dirisha langu. Umekula?"

"Nimekula vitenzi vya Kiitaliano."

"Vimeiva?"

"Vigumu kama mifupa. Povu, wewe ulikijulia wapi?"

"Kiwandani kwao. Walinipeleka kusomea mashine. Na wewe kinakuwasha nini? Unataka kwenda?"

Povu akasikia cherehani ikisimama.

"Usicheke," alisema binti. "Ni kwa ajili ya mama yangu."

Akamweleza. Mama yake alikwenda Italia kumtunza kikongwe mmoja tajiri, yeye Pazia akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Akaachwa kwa mama mdogo. Zawadi zilikuja, mama hakuja. Kikongwe alipokufa, mama akapigwa na kiharusi, watu wa huko wakampandisha ndege na mfuko mmoja. Sasa yupo chumba cha nyuma, anatembea kwa kuburuta mguu, na Kiswahili chote kimefutika. Kimebaki Kiitaliano.

"Daktari anasema huwa inatokea. Anasema pia kiharusi cha pili kikija hakitaacha kitu. Kila nikiamka naogopa kufungua mlango wake. Mwanawe wa kumzaa, siwezi hata kumuuliza kama ana kiu."

"Lakini hutaki kumuuliza kiu."

"Hapana." Sauti ilishuka. "Nataka kumuuliza kwa nini hakurudi. Na naogopa jibu."

"Kesho nitakuja," alisema Povu. "Nitakuwa mdomo wako."

Alikuja kweli, shati limepigwa pasi hadi linakata. Pazia akatangulia na sinia la chai. Pale pale mlangoni Povu akaona jambo lililomwondoa mzaha kinywani: mama alipomwona bintiye, aliinuka kwa pupa, akajibana ukutani, akaanza kulainisha kiunoni aproni ambayo hakuivaa. Vidole vilimtetemeka. Kisha akasema, haraka haraka, macho sakafuni, maneno mengi.

Povu akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasemaje?" aliuliza Pazia.

"Anasema..." Alimtazama mama, akamtazama binti aliyeng'ang'ania sinia kama mtu anayesubiri hukumu. "Anasema chai ni tamu."

"Hajainywa."

"Harufu yake."

"Maneno yote yale, chai tu?"

"Waitaliano hao, mpenzi. Kitu kidogo, hotuba."

Mkalimani akimeza neno la kwanza, hana budi kumeza na la pili. Tangu siku hiyo Povu alikuja kila jioni baada ya kazi, akaleta maneno matamu kama mtu aletaye maua: mama anasifu mapazia, mama anauliza kama unalala vizuri, mama anasema una macho ya bibi yako. Pazia alishiba. Jikoni aliegemea kifua cha yule fundi kilichonuka kahawa, akamwita roho yangu, na yeye akamwita hivyo hivyo. Ila penzi lilikuwa na mwiba.

"Kama chai ni tamu," aliuliza siku moja, "mbona mikono inamtetemeka ninapoingia?"

"Ugonjwa."

"Wewe ukiingia haitetemeki."

Povu alijifanya anakagua bomba.

Darasa la Kiitaliano alilohudhuria Pazia jioni lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Wiki ile mwalimu alifundisha namna ya kuzungumza na bosi. Wanafunzi walikuwa wahudumu wa hoteli na wauguzi wanaotaka safari, wakagawanyika wawili wawili, mmoja bosi, mwingine mtumishi. *Signora, la prego, mi lasci andare a casa.* Bibi, nakuomba, niache niende nyumbani. Walicheka mpaka mwalimu akapiga meza, maana muuguzi mmoja alikuwa bosi mkali kuliko bosi wake wa kweli. Pazia naye alicheka. Akarudi nyumbani akiimba ile sentensi ngazini.

Akaingia na sinia. Povu alikuwa tayari ameketi. Mama akainuka, akajibana ukutani, akasema.

*Signora, la prego.* Na mengine yakafuata, haraka haraka.

Sinia lilianguka.

"Anasemaje?" Pazia aliuliza.

"Pazia, kaa kwanza..."

"Nimekuuliza. Na safari hii nitazame usoni."

Povu aliinama kuokota vikombe.

"Ananiita Signora. Anaomba ruhusa. Nimesikia neno nyumbani, nimesikia neno binti yangu. Tangu siku ya kwanza ni haya haya, sivyo?"

"Roho yangu, nilitaka..."

"Usiniite roho! Roho ya mtu hainyweshwi chai ya uongo. Toka!"

Kwa sauti ile mama alifunika uso kwa kiwiko, kama mtu anayekinga kofi. Pazia aliona. Povu aliona. Fundi akashuka ngazi bila kuchukua koti lake.

Simu ikalia, haikupokewa. Ikalia tena. Pazia aliizima akabaki na hofu yake, na hofu, msomaji, ni mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Alitembea ndani ya nyumba yake kwa ncha za vidole ili asimtishe mama. Alikohoa kabla ya kufungua mlango. Alijitazama kwenye kioo, nywele zimebanwa, tepu ya kupimia shingoni, akajiuliza yule kikongwe alikuwa na sura gani hata mama akamwona ndani ya sura hii.

Adhuhuri moja alitoka dukani akamkuta mama amepiga magoti, anasugua sakafu kwa mkono ule mzima, mwingine unaning'inia. Alikimbia kumwinua. Mama akajikunja, akafunga macho, akangoja kupigwa.

Pazia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Aliwasha simu, akakosea kubonyeza mara mbili.

"Povu."

"Nipo. Nakuja sasa hivi."

"Usije kwanza. Niambie anachosema kila siku. Chote. Usitie sukari."

Upande wa pili mashine ya kahawa ilikoroma, kisha ikazimwa.

"Anasema, Signora, mwaka jana uliahidi niende baridi ikiisha. Baridi imeisha. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo yako, nakuomba unipe. Nitafanya kazi mara mbili nikirudi. Mwanangu anang'oka meno, nami sipo."

Pazia aliteleza akakaa chini.

"Kumbe alikuwa ananijibu," alisema. "Kila siku namuuliza moyoni kwa nini hakurudi, naye ananijibu usoni, na wewe unaniletea chai."

"Niliogopa. Nilijiambia, Pazia akijua kwamba mama yake anamwona yeye ndiye yule kikongwe, atavunjika. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Niliogopa jingine la kijinga. Kwamba ukishajua Kiitaliano utanihitaji wa nini."

"Mjinga kweli wewe. Nani alikwambia nilikupendea Kiitaliano? Kina hata ladha?" Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Sikiliza. Una ile gari yako ya kazi?"

"Ninayo."

"Toa spana zote kiti cha mbele. Ukifika, uongee kama dereva wa watu wakubwa."

Alijiandaa kwa hofu kubwa kuliko ya bibi harusi. Alifungua kabati, akatoa pasi ya mama iliyokuja naye kwenye ule mfuko mmoja. Akasimama mlangoni pa chumba, akasema kwa Kiitaliano chake kibovu:

"Pasi yako hii. Nenda nyumbani. Mwanao anakungoja."

Mama aliipokea, akaifungua, akaona picha yake. Kisha akaushika mkono wa bintiye akaubusu. Pazia aliuma meno asipige kelele. Signora halii mbele ya mtumishi.

"Gari iko tayari, bibi," alisema Povu kwa Kiitaliano, kofia ya kuazima kichwani, na akamshikilia mama hatua kwa hatua mpaka chini.

Walizunguka mtaa baada ya mtaa. Povu alimwonyesha kila kitu, akimwambia tunakaribia, tunakaribia. Nyumbani, Pazia alifungua nywele, akavua tepu, akabadili gauni, akalivua, akavaa la njano. Alishuka mpaka mlango wa barabarani. Akawaza: Na akishuka akaniita Signora tena? Sina neno jingine nililobakiza.

Gari ikasimama. Mama akatoka, pasi imebanwa kifuani, akatazama mlango, akatazama madirisha, mwisho akamtazama yeye.

"Binti yangu yuko shule?" aliuliza.

Kiitaliano chote kilimtoka Pazia kichwani, yakabaki maneno mawili.

"*Sono io*," alisema. Ni mimi.

Mama alisogea. Hakutetemeka. Alimshika kidevu, akamfunua midomo kwa kidole gumba kama anayekagua mtoto, akayaona meno yote yapo, makubwa, ya mtu mzima.

"Nimechelewa sana, eh?"

"Kidogo tu, mama. Kidogo."

Wakashikana pale barabarani, wapita njia wakiwazunguka. Hatimaye mama akageuka, akamwona Povu kando ya gari, kofia imemfunika macho, anajifuta pua kwa mkono wa ovaroli.

"Na dereva?" aliuliza. "Maskini, analia. Mpe ruhusa aende kwao."

"Huyo, mama," Pazia alisema, akitafuta maneno moja moja, "simpi."

Povu aliinua kofia.

"Naomba ufafanuzi, bibi," alisema kwa Kiswahili. "Hapo ninaajiriwa au ninaolewa?"

"Mshike mama mkono ule mwingine," alisema Pazia. "Ngazi ni nyingi."